Dawa za marehemu tumpe nani?

Arobaini ikifika, nguo za marehemu hugawiwa. Shati kwa mdogo wake, kanzu kwa mpwa, viatu kwa yule atakayeona vinamtosha. Kinachobaki bila mwenyewe ni ule mfuko wa dawa kabatini: amlodipini ya presha, metformini ya kisukari, pengine na kalamu mbili za insulini kwenye friji. Nyumba nyingi ninazozijua huzichoma pamoja na takataka au huzitupa chooni. Nyingine humpa jirani "mwenye ugonjwa huohuo".

Roho huuma, na mimi inaniuma. Wapo wagonjwa wa presha wanaokata kidonge nusu ili kifike mwisho wa mwezi, na huku dawa nzima zinageuka majivu. Ndiyo maana kila mara hujitokeza mtu mwema akapendekeza tuweke sanduku msikitini, kanisani au ofisi ya serikali ya mtaa: wenye dawa watie, wasio nazo wachukue. Iwe sadaka. Napinga hilo sanduku, ingawa nataka dawa zifike kwa wahitaji kama wanavyotaka wao.

Tuanze na dawa zenyewe zilivyo mikononi mwetu. Ukienda zahanati, mara nyingi vidonge huhesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa, vikatiwa kwenye kibahasha kilichoandikwa 1x3 kwa kalamu. Hakuna tarehe ya kuisha muda, hakuna namba ya toleo, wakati mwingine hata jina la dawa halisomeki. Kidonge cheupe cha mviringo kinaweza kuwa cha presha, cha kisukari au cha mzio. Hicho kikishatoka kwenye kibahasha chake, hata mfamasia wa miaka thelathini kazini hawezi kukuapia ni nini. Sanduku la sadaka litajaa vibahasha.

Halafu joto. Vidonge vingi huandikwa vitunzwe chini ya nyuzi 30, na chumba cha bati Dar es Salaam mwezi Februari hakijui habari hizo. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8. Iliyokaa kwenye friji la nyumba inayokatikiwa umeme utaijuaje? Ikiharibika si lazima ibadilike rangi.

Wanaounga mkono sanduku hilo hunitajia Marekani, na wana haki ya kuitaja. Jimbo la Iowa lina mpango wa kugawa upya dawa tangu 2007. Huko Tulsa, Oklahoma, madaktari wastaafu walianza mwaka 2004 kupita kwenye nyumba za kutunzia wazee, wakikusanya dawa zilizobaki na kuzipeleka famasi ya kaunti ili wapewe wasio na uwezo. Napenda sana picha hiyo ya wazee wa kazi wakiendesha magari yao kubeba vidonge. Lakini tazama dawa zinatoka wapi. Katika nyumba zile mgonjwa hashiki dawa yake. Inakaa kwenye kadi ya vidonge iliyofungwa, ndani ya kabati lenye kufuli, na nesi ndiye anayeitoa kidonge kwa kidonge. Mzee akifariki au daktari akibadilisha dozi, vilivyobaki havijawahi kutoka mikononi mwa mtaalamu. Sisi wazee wetu wanaugulia nyumbani, na dawa zao zinakaa juu ya kabati la vyombo.

Hata ule utafiti unaopendwa kunukuliwa kwamba dawa hudumu kupita tarehe yake unasema jambo hilohilo. Ulichapishwa mwaka 2006, ukitokana na mpango wa jeshi la Marekani wa kupima akiba yake: kati ya matoleo 3,005 ya dawa 122, asilimia 88 yaliongezewa muda wa angalau mwaka mmoja. Sawa. Ila zile ni dawa zilizokuwa kwenye vifungashio vyake, ndani ya maghala ya jeshi, na zikapimwa maabara kwanza.

Sisi pia tunapaswa kukumbuka kilichowapata waliokuwa upande wa kupokea. Wakati wa vita vya Bosnia, kati ya 1992 na katikati ya 1996, iliingia misaada ya dawa ambayo takriban tani 17,000 zilikadiriwa kuwa hazifai, na kuziteketeza tu kungegharimu mamilioni ya dola. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo: dawa aliyokwisha kupewa mgonjwa ikarudishwa isitolewe msaada, na inayotolewa iwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda inapofika. Wafaransa, ambao kwa miaka mingi walikusanya dawa za majumbani na kupeleka sehemu yake nchi maskini, walipiga marufuku ugawaji huo kuanzia 2009. Sasa wanazikusanya famasi na kuzichoma kuzalisha nishati. Kisichomfaa Mfaransa kisiwe sadaka kwa mtu wa Kigoma, na kwa kipimo hichohicho, nisichoweza kummezesha mama yangu nisimpe jirani.

Basi tuchome kila kitu? Hapana, na hapa ndipo natofautiana na wafamasia wengine, ambao kwao dawa ikishatoka dirishani hairudi, mjadala umefungwa. Ziko dawa chache ambazo bei yake inatosha kulipia usumbufu wa kuzikagua. Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na aliyepandikizwa hunywa takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo mpya, au jamii yake maisha yake yote, dozi ikipandishwa na kushushwa kufuata vipimo vya damu. Kila dozi ikibadilika, kuna vidonge vya nguvu ya zamani vinabaki. Vivyo hivyo vidonge vya saratani. Wagonjwa hawa ni wachache, wanajulikana kliniki zao kwa majina, na wanarudi palepale kila mara. Hapo famasi ya hospitali ingeweza kupokea boksi ambalo halijafunguliwa kabisa, likiwa na namba ya toleo, kumhoji aliyelileta alilitunza vipi, na kumpa mgonjwa mwingine wa kliniki hiyohiyo baada ya kumweleza wazi limetoka wapi. TMDA, mamlaka ya kudhibiti dawa na vifaa tiba nchini, iandike kanuni fupi ya kuruhusu hilo na kukataza mengine yote.

Yaani insulini isiingie, wala morfini, wala antibayotiki. Antibayotiki zilizobaki zinatuambia tu kwamba kuna mtu hakumaliza dozi. Ukimpa mwingine vidonge vitano vya amoksilini umemgawia usugu wa dawa. Nisingependa pia kazi hii ipewe maduka ya dawa muhimu. Yameokoa watu vijijini tangu yaanzie Ruvuma mwaka 2003, lakini muuzaji anayepokea bure asubuhi atashindwaje kuuza jioni?

Kwa yale makabati mengine yote, suluhisho liko upande wa daktari anayeandika. Mtu anaanzishiwa enalapril, dawa ya presha, anaandikiwa ya miezi mitatu. Wiki ya pili anaanza kikohozi kikavu, jambo linalofahamika la kundi hilo la dawa, anabadilishiwa, na miezi miwili na ushei ya vidonge inaenda kabatini akiwa ameshailipia. Dozi ya kwanza ya dawa mpya ingekuwa ya wiki mbili. Wa mjini atarudi kwa daladala. Wa kijijini atahesabu nauli ya basi na kuona bora vidonge vya miezi mitatu, hata vikibaki, na kwa huyo simu moja kutoka zahanati kabla ya kupewa furushi la pili ingetosha.