Bibi yangu nilimzika mwaka wa pili, picha zikakataa

Mimi ndo nilikuwa CR, yaani mwakilishi wa darasa letu chuoni, miaka yote mitatu, na msidhani nilichaguliwa kwa sababu ya uongozi, siku ya kwanza kabisa lekcha aliuliza nani ana maka peni nikanyoosha mkono, basi, uongozi ukaanzia hapo.

Sasa tulipomaliza mitihani ya mwisho watu wakasema tufanye kasherehe ka kuagana, palepale kwenye ukumbi wa lekcha, walimu waalikwe, halafu CR aandae slaidi za picha za kumbukumbu toka mwaka wa kwanza. Nikajibu hamna shida. Hilo neno hamna shida ndo limeniletea shida zangu zote maishani.

Picha zikaanza kumiminika kwenye grupu ila ukungu mtupu, picha imeforwadiwa mpaka mtu hana pua. Nikajifanya mtaalamu, nikaandika kwa herufi kubwa: MSITUME KAMA PICHA, TUMENI KAMA DOKUMENTI ZISIPOTEZE UBORA. Na ni kweli kabisa, ukituma kawaida WhatsApp inaikamua picha iwe nyepesi, ukituma kama dokumenti linaenda faili zima kama lilivyotoka kwenye simu. Ambacho mtaalamu sikukiwaza ni kwamba faili zima linakuja na umbea wake wote, maana simu ikipiga picha inaandika humo ndani tarehe, saa, aina ya simu, na kama umewasha lokesheni inaandika mpaka ulipokuwa umesimama. WhatsApp ikikamua, ule umbea unaachwa njiani. Mimi nikauagiza uletwe.

Zikaja picha mia nne na kitu. Usiku wa kuamkia sherehe nikazimwaga zote kwenye programu bila kuzikagua maana usingizi ulikuwa umenishika, programu ikaniuliza zipangwe kwa tarehe? Nikatiki. Tarehe na saa vionekane chini ya picha? Nikasema eeh, itapendeza kama dokumentari, nikatiki na hapo. Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi vizuri.

Kesho yake ukumbi umejaa, walimu wote siti za mbele, katikati yao yupo yule lekcha wa kompyuta, mtu mpole, hana makelele, ila anatembea na kabrasha na hasahau kitu.

Picha ya kwanza kutokea ni jamaa yetu mmoja amelala maktaba mdomo wazi, chini imeandikwa 1 Januari 1970. Ukumbi ukaanguka kwa kicheko, jamaa alikuwa anasinzia chuoni hata mama yake hajazaliwa. Nikacheka na mimi, nikaona kumbe shoo imeanza vizuri.

Zikafuata za mwaka wa kwanza, watu wembamba, wanatisha, kila mtu ana daftari la kila somo na kalamu za rangi nne (mwaka wa tatu darasa zima lilikuwa linazungusha kalamu mbili). Wadada wakaanza kufuta machozi. Ikaja ile ya yule mwenzetu aliyeongezewa wiki mbili za asaimenti kwa sababu laptopu yake iliibiwa, amekaa kwenye ngazi za hosteli na laptopu ileile yenye stika ya paka, tarehe ni siku nne baada ya wizi. Madam aliyemuongezea wiki mbili akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ikaja nyingine ya darasani, selfi ya kipindi cha saa moja asubuhi, tumo watu tisa, na wote tunajua karatasi ya mahudhurio ya siku ile ilirudi na saini za darasa zima. Lekcha wa takwimu akawa anahesabu vichwa kwa ncha ya kalamu, taratibu, tena akarudia.

Hapo ndo nikaelewa mwaka wa pili unakuja. Mwaka wa pili wangu.

Niwarudishe nyuma kidogo. Mwaka wa pili kulikuwa na testi ya kompyuta saa tatu asubuhi, na mimi na wenzangu wawili tulikuwa tumepata safari ya baharini ya bure, siti tatu tu, kuondoka jioni ya kabla ya testi. Wale wawili walisoma kozi nyingine, hawakuwa na testi. Mimi nikamuandikia lekcha meseji kwamba bibi yangu mzaa mama amefariki usiku. Yule baba wa watu alinipa pole ndefu, akanipangia testi yangu peke yangu, na asubuhi ile akasimamisha darasa zima dakika moja ya kimya kwa ajili ya bibi. Dakika yenyewe aliikata kwenye muda wa testi, kitu ambacho wenzangu hawajawahi kumsamehe marehemu.

Nikaruka kwenye laptopu niipitishe picha haraka, nikagonga kitufe cha spesi kwa nguvu zangu zote. Kumbe kwenye ile programu spesi inasimamisha.

Ikasimama. Ukuta mzima ni mimi, maji kiunoni, mikono juu, nimevaa boya la bata shingoni, mdomo umefunguka mpaka gego la mwisho linaonekana vizuri sana kwa sababu ubora haukupotea. Chini yake tarehe ya testi. Saa 09:20.

Kimya. Kimya kirefu kuliko kile cha bibi.

"CR," lekcha akasema kwa upole uleule, "acha hapohapo."

"Sir hizo tarehe haziaminiki," nikawahi, "si umeona mwenyewe ile ya 1970?"

"Ile simu iliisha chaji ikapoteza saa. Mfumo wa kompyuta wa Unix unahesabu muda kwa sekunde kuanzia 1 Januari 1970, kifaa kikisahau saa mara nyingi kinarudi hapo mwanzo. Nilifundisha wiki ya nne." Akanitazama. "Ulikuwepo?"

Nilitakiwa ninyamaze. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, "Basi sir hiyo 09:20 si ndo saa tisa alasiri, testi ilikuwa saa tatu asubuhi, nilikuwa nimeshatoka kuzika."

Hata mimi niliona nimejitetea vizuri. Lekcha akatikisa kichwa kama mtu anayekubali, akaniambia nirudishe picha moja nyuma. Nikarudisha. Tupo watatu ndani ya basi, tunaimba, mmoja amesimama juu ya siti, ni usiku wa kuamkia testi, 22:47.

"Na hii? Saa ishirini na mbili kwa saa zako ni saa ngapi?"

Sikumbuki ukumbi ulicheka muda gani. Nakumbuka alifungua kabrasha, akaandika mstari mmoja, akafunga. Matokeo yalikuwa bado wiki tatu na kwa wiki zote tatu sikuwaza kitu kingine, nilikuwa naota naitwa jina kwenye orodha ya sapu, ile mitihani ya kurudia, na nyuma yangu bata anapiga makofi. Yalipotoka nikakuta nina C, nikaishukuru kama A.

Nikajua yameisha. Siku ya mahafali familia ikaja, na wa kwanza kushuka kwenye gari ni bibi mzaa mama, na fimbo yake, anauliza walimu wangu wako wapi awashukuru. Nikampeleka nyuma ya mti, nikamwambia jua kali. Akakataa, akasema hakusafiri kote huko aje aone mti. Tunabishana hapo, namuona lekcha wa kompyuta anakuja moja kwa moja, joho linapepea.

"Shikamoo bibi. Wewe ndiye bibi yake mzaa mama?"

"Marahaba mwanangu, ndo mimi, sina mwenzangu."

"Nimefurahi sana kukuona. Sana. Sikutegemea kabisa."

"Hata mimi sikutegemea, kwa haya magoti."

"Mwaka juzi tulikusimamia darasa zima, dakika moja."

Bibi akamshika mikono yote miwili. "Ehee! Ndo maana mwaka ule yaliacha kuuma! Mungu awabariki."

Lekcha akanigeukia, uso mkavu, akatoa simu akasema tusimame tupige picha ya kumbukumbu, mimi kushoto, marehemu kulia. Akapiga mbili. Akasema atanitumia jioni, kama dokumenti.