Sikuomba Sabuni

Kwanza kabisa: sikuomba sabuni. Huyo kipa wetu aliyewarushia sauti ya dakika nne kwenye grupu, eti niliingia bafu la mtu katikati ya mechi nikaomba sabuni, alikuwa golini, upande wa pili kabisa, na bila miwani hata mpira haoni. Nisikilizeni mimi niliyekuwemo ndani.

Mnajua wiki nzima nimewachosha na habari za Max Woosnam. (Ndiyo, alikuwa Manchester City. Mashabiki wa upande wa pili msinune, ni mambo ya miaka mia iliyopita.) Mwanamume anacheza mpira wa ridhaa, mshahara hachukui. 1920 anabeba dhahabu ya tenisi ya wawili wawili kwenye Olimpiki ya Antwerp. 1921 anachukua Wimbledon, wawili wawili tena. 1922 ni nahodha wa England dhidi ya Wales. Basi Jumapili, mapumziko, tumeshafungwa mbili, nikasimama kuwahutubia vijana wanaodai nauli na soda. "Woosnam alidai soda?" Nikajipiga kifua.

Nilichowaficha ni kwamba mwaka huohuo wa 1922 Woosnam alijibamiza kwenye uzio wa mbao uliozunguka uwanja wa Hyde Road, mguu ukavunjika.

Sasa. Mpira mrefu, winga ya kulia. Uwanja wetu mnaujua: mstari ni majivu, na hatua tatu baada ya majivu ni mabati ya bafu la uani kwa mzee mmoja. Nikaukimbilia. Nikauona unatoka. Akili ikasema simama. Mguu wa kushoto ukatii. Wa kulia, wenye kiatu cha kuazima kinachopwaya, ukaendelea na safari. Kitambi kikatangulia. Nikaiona kutu. Nikauona msumari. Nikasoma na maandishi ya chaki, USIKOJOE HAPA, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Gwaaa!

Halafu kimya. Maji ya baridi magotini. Harufu ya sabuni ya mche. Nafumbua macho: mzee wa watu, kopo mkononi, povu uso mzima, macho kayafumba.

"Nani?"

Nimelelewa jamani, ningefanyaje?

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akajimwagia kopo moja. "Rudishia mlango, upepo huo."

Mlango ulikuwa salama umefungwa. Nilichokuwa nimekilalia ni ukuta.

Huko nje refa kapuliza filimbi: mpira wa kurusha, wao.

Mengine mafupi. Mguu mzima, kifundo tu kimeumuka kama andazi. Mabati mawili geji 30, misumari na fundi, vyote mfukoni mwangu. Woosnam hakulipwa, mimi nimelipa. Tulifungwa tatu. Mzee kasema yameisha, ila Jumapili ijayo ataoga asubuhi.