Baindingi ya ski ilegezwe au iachwe? Goti lipo katikati ya ubishi

Kila msimu wa theluji ukianza ubishi huu unarudi, na mi nataka nikae nao kidogo maana watu wanaujibu haraka haraka wakati kinachoongelewa ni goti la mtu, na goti likishakatika ligamenti, ule utepe mgumu unaoshikanisha mifupa, si rahisi lirudi kuwa lile lile. Ubishi wenyewe ni wa baindingi, kile kifaa kinachoshika buti kwenye ski, yaani ule ubao mrefu wa kutelezea kwenye theluji, na kinachotakiwa kuliachia ukianguka. Kuna wanaosema ilegezwe chini ya namba ya jedwali, ile inayopanga ishike kwa nguvu kiasi gani kabla ya kuachia, ili iwahi kuachia goti lipone, na kuna wanaosema ukilegeza ski itachomoka ukiwa kwenye spidi na hapo utaumia vibaya kuliko goti.

Kwanza tulifikaje hapa. Zamani jeraha la ski lililojulikana ni kuvunjika muundi, baindingi za kisasa zikaja na kwa kweli hilo zimelimaliza kwa kiasi kikubwa sana, kule Vermont Marekani watafiti Robert Johnson, Carl Ettlinger na Jasper Shealy walianza kufuatilia majeruhi wa mlima mmoja mwaka 1972 na ndani ya miaka ishirini hivi mivunjiko ya muundi ikashuka kwa zaidi ya 80%. Lakini hapohapo, kwenye miaka ya 80, ACL ikaanza kupanda. ACL ni ile ligamenti ya katikati ya goti inayozuia mfupa wa chini usichomoke kwenda mbele, wapenzi wa mpira wanaijua vizuri kwa machungu yake. Leo kwa watu wazima karibu theluthi moja ya majeraha ya ski ni ya goti. Kwa jumla bado si mengi, wakiteleza watu 1,000 siku nzima wanaumia kama 2 au 3 tu, kwa hiyo anayesema ski ni mchezo wa kumaliza magoti anatia chumvi. Ila kwa yule aliyeumia hizo hesabu hazimsaidii kitu.

Sasa swali, kama baindingi imeokoa mfupa mbona imeshindwa kuokoa ligamenti? Jibu ni kwamba haikutengenezwa kwa ajili ya ligamenti. Baindingi nyingi zinaachia kwa njia mbili, mbele kwenye vidole buti linatoka kwa pembeni, na nyuma kisigino kinatoka kwa kwenda juu, na nguvu zinazopimwa ni zile zinazoweza kuvunja muundi. Halafu angalia ACL inavyokatika. Mtu amepoteza balansi kaegemea nyuma, makalio yameshuka chini ya magoti, mkono mmoja umebaki nyuma, uzito wote umelalia mkia wa ski ya upande wa chini wa mteremko, ule mkia unang'ata theluji na kuanza kugeuka ndani pamoja na mguu wakati goti limekunjwa sana. Watafiti wanauita mguu wa mzimu, kwa sababu mkia wa ski unakuwa kama mguu mwingine unaotazama nyuma na unakunyonga goti. Nguvu hiyo inaingilia karibu na kisigino, sehemu ambayo baindingi ya mbele haiisikii vizuri na ya nyuma inasubiri kuvutwa juu. Ndo maana wengi waliokatika ACL wanasimulia kwamba ski haikutoka kabisa. Na kuna staili nyingine, hii ya ski za kisasa zenye kiuno chembamba, ukingo wa ndani mbele unashika ghafla mguu unavutwa nje na goti linaangukia ndani.

Ukielewa hilo unaona kwa nini pande zote mbili zina hoja.

Wanaotaka ilegezwe wanawaangalia sana wanawake, na hapa naungana nao. Kwenye ski za starehe mwanamke ana hatari ya kuumia ACL mara mbili au zaidi ya mwanaume, na kwa wanawake ndo inatokea zaidi kwamba ameanguka na ski haijaachia. Ukija kwenye jedwali linaangalia uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na aina ya mtelezaji, jinsia haimo. Ufaransa madaktari wa milimani wamekuwa wakipigia debe namba ishushwe kwa wanawake, kama 15% hivi. Halafu kuna anayejifunza, huyu anaanguka taratibu, anguko lake halina nguvu ya kufungua baindingi ila linatosha kabisa kunyonga goti. Mtu wa hivyo kumfungia kama anashindana mbio ni kumuonea.

Upande wa pili nao wasipuuzwe. Ski ikichomoka wakati hujaanguka, katikati ya kona na uko kwenye spidi, unaenda kichwa au bega kwanza na miti haiko mbali. Na hoja yao nzito zaidi ni ya kiufundi, kwamba kama baindingi haisikii nguvu inayokata ACL basi kupunguza namba ni kama kuongeza sauti ya redio ambayo haijashika stesheni. Kwa wale wa mguu wa mzimu hoja hii naona ina ukweli mwingi. Zipo baindingi ambazo kisigino kinaachia hata pembeni, wazo lake linaelekea penye tatizo lenyewe na natamani lifuatiliwe kwa bidii.

Mi nasimama wapi? Kwa anayeteleza taratibu, hasa mwanamke mwepesi au anayeanza, kushusha kidogo kwa mkono wa fundi anayejua kazi ni sawa kabisa. Kwa anayekimbia na kupenda mteremko mkali, aache namba yake. Ila kitu kinachonikera ni ubishi wote kuishia kwenye skrubu ya kukaza na kulegeza baindingi wakati mwaka 1995 hao hao wa Vermont walichapisha kitu kikubwa, walichukua waokoaji wa mlimani na walimu wa ski wakawafundisha kwa video kutambua lile anguko na la kufanya, na majeraha makubwa ya goti yakapungua kwa 62%. Najua mtu atasema hao wanashinda kwenye theluji kila siku, mtalii wa wiki moja hawezi kufanana nao, na ni kweli, tena hayakuwa majaribio ya kuchagua kwa bahati nasibu nani afundishwe nani asifundishwe. Hata hivyo masomo yenyewe ni mepesi: ukiona unaangukia nyuma leta mikono mbele, ski zikae pamoja, usinyooshe miguu, usijaribu kuinuka wakati bado unateleza. Hilo la mwisho ndo gumu kwa watu, kila mtu anataka ajiokoe na kule kujiokoa ndo kunakata goti. Kuna wanaosema hii ni kumlaumu aliyeumia, nawaelewa, anguko linachukua muda mfupi mno kuanza kufikiria, ndo maana inabidi mwili uwe umeshazoea kabla.

Na ikishakatika si lazima wote wakimbilie upasuaji. Utafiti wa Sweden uliotoka 2010, wa vijana 121, ulionyesha walioanza na mazoezi ya tiba peke yake, huku upasuaji ukisubiri kama utahitajika, hawakuachwa nyuma na waliopasuliwa mapema, na karibu nusu yao hawakupasuliwa kabisa hata baada ya miaka mitano. Ila kwenye mazoezi au kwenye kisu, ni miezi mingi, na uwezekano wa goti kuchakaa mapema unabaki palepale.

Sasa rudi kwenye kaunta ya kukodi vifaa. Pale mtu anaulizwa uzito na aina yake ya kuteleza, anapunguza kilo kwa aibu au anajiita mzoefu kwa sababu rafiki zake wanasikia, na ile namba tunayoibishania inatoka hapohapo kwenye majibu yake.