Uchunguzi Utangulie, Ugaidi Usubiri

Vijana wanaoniuliza kuhusu shahada inayounganisha uchunguzi wa kompyuta na mapambano dhidi ya ugaidi karibu wote huanzia kwenye ugaidi. Wanataka kujua magaidi huwasilianaje na hunaswaje. Mimi huwarudisha kwenye saa ya kompyuta.

Diski ya kawaida ya Windows hutunza muda wa kila faili kwa saa za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia. Flashi yenye FAT, mfumo wa zamani wa kupanga faili, hutunza saa iliyokuwa ikisomeka kwenye kompyuta wakati ule, bila kusema ni saa ya nchi gani, na siku faili lilipofunguliwa mara ya mwisho huandika tarehe tu. Mchunguzi asiyejua tofauti hiyo atamwambia hakimu kwamba faili liliandikwa saa nane usiku, kumbe ilikuwa saa tano. Katika saa hizo tatu kuna mtu ambaye pengine alikuwa amelala kwake.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mwaka mzima wa kwanza uwe wa uchunguzi mtupu. Mwanafunzi ajifunze kunakili diski bila kuigusa ile ya asili, kupiga hashi ya SHA-256, yaani alama ya kihesabu inayobadilika data ikibadilika, kabla na baada, kuandika nani alikishika kielelezo na lini. Ajue kwamba akikimbilia kuzima kompyuta iliyowashwa, funguo za usimbaji, zinazofungua data iliyofichwa, zilizokuwa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, zinaweza kupotea moja kwa moja. Kazi hii inachosha, na wengi huilalamikia.

Siudharau upande wa pili. Januari 1995 moto mdogo katika nyumba moja ya kupanga jijini Manila uliwafikisha polisi kwenye kompyuta ya gaidi Ramzi Yousef, na ndani yake mlikuwa na mpango wa kulipua ndege za abiria. Uchunguzi wa namna hiyo huokoa maisha.

Lakini kisa ambacho ningekifundisha kwa wiki tatu ni cha Madrid. Baada ya mabomu ya treni ya Machi 11, 2004, polisi wa Hispania walisambaza picha ya kidijitali ya alama ya kidole. Kompyuta ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ikatoa watu 20 wanaokaribiana nayo, na wataalamu wakamchagua wakili mmoja wa Oregon, Mwislamu. Wahispania walipotilia shaka, FBI haikutetereka. Wakili alishikiliwa kama wiki mbili, hadi Hispania ilipotangaza kwamba alama ile ni ya Mwalgeria. FBI iliomba radhi, na baadaye serikali ya Marekani ikamlipa dola milioni 2.

Wataalamu wale hawakuwa wajinga. Neno ugaidi lilikuwa limeshaingia chumbani, na likishaingia, macho huona kinachotafutwa. Nalo ni neno ambalo hata Umoja wa Mataifa haujakubaliana maana yake kamili! Darasani tunalitumia kana kwamba mipaka yake inajulikana.

Mtihani wa mwisho ningeutunga hivi: kila mwanafunzi apewe diski, aambiwe mwenye diski hiyo ni mtuhumiwa wa ugaidi, apewe siku tano na msimamizi anayempigia simu kila jioni akidai matokeo. Kwenye diski kusiwe na kosa lolote. Afaulu atakayeandika, bila kupamba: sikukuta kitu.