Asumini Ina Saa Yake

Wiki iliyopita nilihudhuria semina ya kilimo cha mimea ya dawa na manukato hapa Lamu, na mpaka leo moyo haujatulia. Mama mmoja wa makamo alimwambia mkufunzi kwa adabu, "Mwanangu, asumini huchumwa baada ya alasiri, ingali tumba." Mkufunzi, kijana, akamjibu kwamba hizo ni imani za wazee, kwamba mmea ni ule ule asubuhi na jioni, na kwamba la muhimu ni mche na mbolea. Mama akanyamaza. Nami nikanyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kulikonikalisha niandike.

Aliyelelewa mitaa ya Langoni au Mkomani analijua tumba la saa kumi jioni: jembamba, gumu kidogo, jeupe lenye ukijani shingoni, na ukilinusa hupati kitu. Bibi yangu aliyafunika matumba yake kwa kitambaa kibichi juu ya sinia, akafunga kikuba, kishada cha maua ya kujipamba, pamoja na mrehani kabla ya magharibi, na ikifika isha ukumbi mzima unanukia. Watengenezaji wa chai ya asumini kule Fujian, Uchina, nao huchuma tumba mchana ili lifumbuke usiku juu ya majani ya chai.

Harufu ile haikai ndani ya ua kama mafuta chupani. Hutengenezwa jeni zake, yaani maagizo ya urithi yaliyo ndani ya mmea, zinapoamshwa, na kuamshwa huko kuna wakati wake. Jambo hili limechunguzwa kwa makini katika ua la petunia, ambalo nalo hunukia usiku: utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba protini iitwayo LHY, iliyo sehemu ya saa ya ndani ya mmea, huwa nyingi asubuhi na kuzizuia jeni za harufu, ikiwemo ile inayoitwa ODORANT1, kisha jioni inapopungua jeni hizo huachiwa zifanye kazi. Watafiti walipoifanya LHY ibaki nyingi wakati wote, ua lilikosa harufu. Basi mwenye kusema kwamba saa ya kuchuma ni imani tupu anabishana na mmea wenyewe.

Wala si harufu peke yake inayongoja kuamshwa; dawa na sumu za mimea nazo ni hivyo. Asumini ndiyo iliyoipa jina kemikali ya jasmoneti, iliyotolewa kwenye mafuta yake mwaka 1962 na baadaye ikajulikana kuwa mbiu ya hatari ndani ya mimea. Siku za amani, protini za JAZ humkalia MYC2, mwamshaji wa jeni za ulinzi, asifurukute. Mdudu akiuma jani, jasmoneti huongezeka, ikazishikamanisha JAZ na protini ya COI1, nazo JAZ zikavunjwavunjwa. MYC2 akishakuwa huru, jeni za sumu na uchungu huamka. Hayo yalibainika mwaka 2007. Mtumbaku ukiumwa majani, mizizi ndiyo huzidisha nikotini na kuipandisha juu. Hata dawa za saratani za vinblastini na vinkristini zinatoka katika mmea, Catharanthus roseus, ambao jeni zake za dawa huitikia jasmoneti hiyo hiyo.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mkufunzi hakukosea yote: mche una uzito wake, maana mimea ya Artemisia annua hutofautiana sana kwa kiasi cha artemisinini, dawa yake ya malaria, hata ikipandwa shamba moja. Nakubali pia kwamba maradhi arobaini ya muarubaini hayajathibitishwa. Lakini mama yule hakudai tiba yoyote. Alitaja saa, tena saa aliyoipima kwa pua na vidole kwa miaka mingi, na ilistahili kuandikwa.

Daftari tulilogawiwa lina safu ya mche, safu ya mbolea na safu ya maji. Safu ya saa haimo. Nimeichora mwenyewe pembeni kwa kalamu, na Jumamosi nitakwenda kwa mama yule, nimwombe radhi kwa kunyamaza kwangu, kisha nimwulize anachuma saa ngapi wakati wa kaskazi, na saa ngapi wakati wa kusi.