Usiguse jedwali la mafuta kabla ya kupima nozeli

Wenye Toyota Mark II GX110 wengi wana ndoto moja: kutoa ile mashine ya 1G-FE ya lita mbili na kuweka 1JZ-GTE ya VVT-i, yenye tabo. Naielewa ndoto hiyo, maana niliitimiza kwenye gari langu hapa Dar. Mashine ilikuja kama nusu gari kutoka Japani, ikaingia, waya zikaunganishwa kwenye kontroboksi ya MegaSquirt 3, kompyuta ya mashine unayoipanga mwenyewe, ikawaka. Gereji nzima ilipiga makofi. Mimi nataka kuzungumzia miezi iliyofuata, kwa sababu naona kosa lilelile likirudiwa na watu ninaowathamini, na mashine nzuri zinakufa bure.

Mfumo niliofunga hauna kipimo cha hewa inayoingia. Kontroboksi inasoma shinikizo ndani ya manifodi, joto la hewa na mizunguko, kisha inakadiria silinda imejaa hewa kwa asilimia ngapi. Asilimia hizo ndizo unazoziona kwenye jedwali la mafuta ukifungua TunerStudio, programu yake ya laptopu. Hewa ikishajulikana, kinachobaki ni nozeli, ile inayopuliza mafuta, ifunguke kwa milisekunde ngapi. Na hesabu hiyo inasimama juu ya namba moja inayoandikwa siku ya kwanza: nozeli moja inatoa cc ngapi kwa dakika.

Fundi aliyeniwekea aliandika 380, kwa kuwa ndiyo saizi ya kiwandani ya mashine hii. Gari likatoa moshi mweusi. Akapunguza jedwali, akapunguza tena, mpaka waidibendi, ile sensa ya oksijeni inayopima uwiano kamili wa hewa na mafuta, ikasoma vizuri. Mchana, barabara ya Bagamoyo, gari lilikuwa tamu kweli. Asubuhi ndipo shida ilipokuwa: plagi zinalowa, nazitoa zote sita, nazifuta, nazirudisha.

Siku nilipofungua jedwali mwenyewe nilishtuka. Kwenye mizunguko 4,000, tabo ikiwa imeshika, palisomeka 62. Nikampigia simu.

"Fundi, hii 62 inakuridhisha?"

"Kaka, waidibendi inasoma sawa. Unataka nini tena?"

Nilitaka namba yenye maana. Mashine ya vali 24 iliyo nzima, mguu ukiwa chini kabisa, haijazi silinda kwa asilimia 62. Inacheza kwenye 90. Tukatoa nozeli, tukazipima kwenye benchi kwa shinikizo la baa 3, kila moja dakika moja ndani ya chupa yenye alama. Karibu cc 550 kila moja. Aliyekuwa nayo Japani alishazibadilisha. Gawanya 380 kwa 550 unapata 0.69, na 0.69 ya 90 ni 62. Jedwali zima lilikuwa limeshushwa ili kufunika namba moja isiyo ya kweli.

Plagi nazo zikapata maelezo. Mafuta ya kuwashia hukokotolewa kutoka namba ya nozeli moja kwa moja, hayapiti kwenye jedwali. Kila asubuhi nilikuwa nazimwagia silinda mafuta asilimia 45 zaidi ya yaliyokusudiwa, na hakuna aliyeona kwa sababu waidibendi ilikuwa bado haijapata moto.

Ndiyo maana napinga kwa nguvu zote biashara ya kutumiana faili la mipangilio ya kontroboksi ya mtu mwingine kwa WhatsApp na kuiita kazi imekwisha. Faili lile lina nozeli za mwenyewe na regyuleta ya mwenyewe, ile inayoshikilia shinikizo la mafuta. Shinikizo la mafuta likiwa baa 4 badala ya 3, nozeli ileile inatoa karibu asilimia 15 zaidi. Na kila nozeli inachelewa kufunguka, karibu milisekunde moja kwenye volti 14, na volti zikishuka inachelewa zaidi. Gari likiwa limesimama nozeli inafunguka milisekunde mbili au tatu tu, kwa hiyo ukikosea hapo, feni ikiwaka mngurumo unaanza kuyumba na watu wanakimbilia kubadilisha sailensi, ile vali ya hewa ya mngurumo.

Kingine: waidibendi inanusa oksijeni, hainusi petroli. Plagi moja ikifa, hewa ya silinda ile inatoka bila kuungua, na kipimo kinakwambia mafuta ni machache. Ukiongeza, unazamisha silinda tano nzima kwa ajili ya moja mgonjwa. Eksozi inayovuja mbele ya sensa inadanganya vilevile. Kompresheni, plagi na gasketi za eksozi vikaguliwe kabla ya laptopu kuwashwa.

Baada ya hapo kazi ni ya uvumilivu, na mimi naipenda. Unaendesha kwa utulivu huku programu ikirekodi. Pale mizunguko 3,000 na kPa 60 jedwali langu lilikuwa na 62, nilitaka uwiano wa hewa 14.7 kwa mafuta 1, nikapata 15.9. Zidisha 62 kwa 15.9, gawanya kwa 14.7: weka 67. Kisha chumba kinachofuata cha jedwali. Programu inaweza kujirekebisha yenyewe ukiwa njiani, lakini siiachii peke yake, kwa kuwa haijui kama plagi imekufa.

Somo lililonikuna zaidi lilitoka barabara ya Iringa. Morogoro, Mikumi, mpaka Ruaha Mbuyuni marekebisho ya mafuta ambayo kontroboksi inayafanya kwa kufuata waidibendi yalikaa karibu na sifuri. Tulipopanda mlima Kitonga yakaanza kuongezeka, na juu yakagota kwenye asilimia tano. Ilula tukasimama kununua vitunguu, nikazima mashine. Nilipowasha, yakarudi chini yenyewe.

Kontroboksi yangu ilikuwa inasoma shinikizo la anga mara moja tu, unapofungua swichi. Kichwani mwake bado tulikuwa Dar, kPa 101, wakati nje ilikuwa karibu 86. Juu huko eksozi inapumua kirahisi zaidi, kwa hiyo kwa shinikizo lilelile la manifodi silinda inajaza hewa zaidi kidogo na inadai mafuta zaidi. Nimeshafunga sensa ya pili inayosoma anga muda wote. Anayeendesha kati ya pwani na nyanda za juu aifunge, si ghali.

Bado safu za juu kabisa, mizunguko 6,000 kwenda mbele na busti kamili, yaani shinikizo la tabo, sijazimaliza. Pale nataka uwiano wa 11.7 hivi, na sitaki kuutafuta barabarani penye watoto na bodaboda. Mpaka nipate daino, mashine ya kupimia nguvu gari likiwa limesimama, au uwanja uliofungwa, busti yangu inaishia baa 0.5.