Bahari Yote, Kijiti Kimoja

Ukimwambia mtu kwamba unaishi kwenye boti ya tanga, hakuulizi dhoruba. Hakuulizi papa, wala unaoga wapi. Anakukazia macho: "Huko mtandao upo?" Ukimjibu kwamba unakuja na kukata, anakupa pole, kisha jioni hiyo hiyo anakupigia, hupatikani, ananuna. Wiki haijaisha, ukoo mzima umeshaambiwa kwamba siku hizi unaringa.

Jamani, siringi. Dunia ni mviringo! Nikiketi sitahani na simu mkononi, niko kama mita 2 juu ya maji, na kutoka hapo upeo wa macho ni kilomita 5 basi. Mbele ya hapo bahari inainama, na mawimbi ya simu huinama nayo kidogo tu, halafu yanakwenda zake angani. Ndiyo maana wenye akili hufunga antena juu ya mlingoti. Mita 16 juu, upeo unasogea hadi kilomita 14, na mnara wenyewe ukiwa kilimani mnaonana kwa mbali zaidi. Hesabu hii nilimweleza shemeji yangu pole pole. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa shemeji, kwa nini msisogee karibu na mnara?"

Na kuonana peke yake hakutoshi. Mitambo ya GSM, yaani mtandao wa simu wa 2G, kwa mpango wake wa kawaida, ina kikomo cha kilomita 35: jibu la simu yako likichelewa kufika kuliko muda uliopangwa, mnara haukutambui, hata kama taa yake nyekundu unaiona kwa macho yako. Nimekesha zamu ya usiku kwenye usukani taa hiyo ikinikonyeza na simu ikisema hakuna huduma. Halafu antena za minara zimeinamishwa kuelekea majumbani kwa watu. Hapo sina neno. Samaki hawanunui vocha.

Mpwa wangu alipokuja kututembelea ndiye aliyeleta ufundi. Alichukua simu yangu, akawasha hotspoti, akaitia kwenye mfuko usiopitisha maji, akaipandisha mlingotini kwa kamba ya bendera. Nilimcheka, lakini kijana alijua: mtandao ukasoma vijiti vitatu. Tukakaa chini kivulini kila mmoja na kifaa chake, raha mustarehe. Ndipo simu ikaanza kuita. Huko juu.

"Nani huyo?" akauliza mama watoto.

Mimi nitajuaje? Nikashika kamba kushusha, kamba ikanasa. Simu ikaita, ikanyamaza, ikaita tena kwa mlio wa tarumbeta aliouweka huyo huyo mpwa, na kila boti iliyotia nanga pale ikatoa kichwa kutazama bendera gani hiyo inayopiga kelele. Ilipofika mkononi mwangu ilikuwa na chaji asilimia 2, maana simu ikisaka mnara wa mbali huongeza nguvu ya kurusha, na anayelipa ni betri. Aliyekuwa anapiga ni shemeji. Alitaka kujua kama mtandao upo.

Tuje kwenye laini. Kila nchi unayotia nanga ina laini yake, na kila laini inataka pasipoti, picha na foleni. Sasa nina kopo zima la laini, kila moja ndogo kuliko ukucha wa mtoto, na boti haijawahi kutulia wakati wa kubadilisha laini. Ikikuponyoka inakwenda moja kwa moja ngamani, kwenye maji machafu, na huko hakuna anayeisubiri. Na ukishaweka laini mpya, ukaingia benki kwa simu ulipie hicho kifurushi, benki inakwambia kwa adabu kwamba imekutumia namba ya siri. Imetuma wapi? Kwenye laini iliyoko koponi. Unairudisha ile ya zamani, inadai PIN. Ukikosea mara 3 inadai PUK, namba ya kuifungulia laini, ukikosea PUK mara 10 laini imekufa. Na laini zote kopo zima zinafanana!

Haya, tuseme umepata bando. Umekaa siku kadhaa bila mtandao, unachotaka ni kitu kimoja, utabiri wa upepo. Faili la upepo la eneo dogo ni kilobaiti chache, linapita hata kwa redio ya masafa marefu. Lakini simu yako imeonja mtandao, haisikii la mtu. Programu ya tochi inajisasisha. Tochi! Ina nini kipya, giza limebadilika? Nyuma yake grupu la ukoo linashusha mzigo: maua ya asubuhi njema, maua ya mchana mwema, video ya paka iliyotumwa na watu wanne tofauti. Ukija kwenye upepo, bando limekata.

Wala si tabia ya leo. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, redio ya Titanic, meli ile iliyogonga barafu ikazama, ilikuwa imeelemewa na jumbe binafsi za abiria zinazotumwa kituo cha redio cha nchi kavu, Cape Race. Mwendesha redio wa meli ya Californian akaingia kusema wao wamesimama, barafu imewazunguka. Akaambiwa anyamaze, watu wako kazini. Akanyamaza, akazima mtambo, akalala. Kila nikiliona ua la asubuhi njema linapakuliwa mbele ya utabiri, namkumbuka kijana yule.

Kwa hatari mimi naamini redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya vyombo vya baharini, chaneli 16, ya dharura na ya kuitana. Simu unampigia mtu mmoja, naye huenda amelala. Redio wanaisikia wote walio karibu, meli na boti na walinzi wa pwani. Ubaya wake ni huo huo, wanaisikia wote. Siku mama watoto aliponiita kwa redio nikiwa kwenye kidau, tukahamia chaneli nyingine kama kanuni inavyotaka, akaniuliza kwa nini nimeondoka bila kumwaga takataka. Sauti ya mzee wa boti ya jirani ikaingia: "Bwana, mjibu mkeo."

Sasa zimekuja satelaiti za chini. Zile za zamani ziko kilomita 35,786 juu. Unasema "haloo", inapanda, inashuka, na mwenzako anapokujibu wewe umeshasema "haloo" ya pili, mnagongana mpaka mnagombana. Hizi mpya ziko kama kilomita 550, na mazungumzo ni kama mko sebule moja. Mama watoto alifurahi. Mimi nilifurahi mpaka shemeji alipojua.

Bahati nzuri sahani ya satelaiti inakula umeme. Chukulia wati 60: kwenye betri za volti 12 hizo ni ampea-saa 5 kila saa, na ukiiacha usiku na mchana ni ampea-saa 120, wakati jokofu nalo linadai haki yake na paneli za jua zina siku zake. Kwa hiyo tunaizima. Nilimweleza shemeji hivyo: betri, shemeji, si dharau. Akataka kujua mbona siku ya fainali nilionekana hewani kuanzia mwanzo wa mechi hadi penalti. Nikamwambia siku ile jua lilikuwa kali. Mechi ilichezwa usiku. Sijui kama ameshaliona hilo.